Kompyuta Ziingie Ndani ya Masomo, Zisiishie Chumbani

Swali la kompyuta mashuleni tumezoea kuliuliza kwa namna moja tu: shule hii ina kompyuta ngapi? Mgeni akifika, awe mdhibiti ubora, diwani au mfadhili, hupelekwa kwenye chumba cha kompyuta, huoneshwa mashine zilizopangwa mezani na kufunikwa vitambaa, huzihesabu, huandika idadi kwenye daftari lake, na mazungumzo huishia hapo. Mimi hufundisha hisabati katika shule ya sekondari wilayani Masasi, na kadiri ninavyozidi kufundisha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo linatuchelewesha. Ningependa tuulize hivi: wiki hii mwanafunzi wa kidato cha pili amefanya kazi gani ya hisabati, ya jiografia au ya utunzaji wa vitabu vya hesabu ambayo kompyuta imemsaidia kuielewa kuliko ambavyo angeielewa kwa ubao na daftari peke yake? Kama hakuna, basi hata mashine zikifika mia moja, kompyuta bado hazijaingia kwenye mtaala. Zimeingia kwenye jengo tu.

Maandishi tunayo ya kutosha. Tanzania ilipata Sera ya TEHAMA mwaka 2003, ikapata sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007, kisha sera mpya ya TEHAMA mwaka 2016. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imetuletea mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024 na ambayo inamtaka mwalimu ajenge umahiri badala ya kumkaririsha mwanafunzi. Sina ugomvi na sera hizo. Ninachokiona ni kwamba, katika njia ya kutoka kwenye sera hadi kwenye dawati, kompyuta imepewa nafasi ya somo moja la pekee, lenye mwalimu wake, chumba chake na ufunguo wake, huku masomo mengine yote yakiendelea kama yalivyokuwa. Mwalimu wa kompyuta anafundisha sehemu za kompyuta, aina za kumbukumbu na jinsi ya kukoleza maandishi. Mwalimu wa hisabati, chumba cha pili, anatumia sehemu kubwa ya kipindi cha dakika 40 kuchora grafu moja ubaoni kwa rula ya mbao. Walimu hawa wawili hawajakutana, na hasara ya kutokutana kwao anaibeba mwanafunzi.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya zamani juu ya jambo hili ambayo naona haisomwi ipasavyo. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine hizo kuleta gharama na matatizo katika hesabu za umma wakati nchi haikuwa na wataalamu wake wa kutosha wa kuziendesha. Marufuku ile husimuliwa siku hizi kama ushahidi kwamba viongozi wa wakati ule waliiogopa teknolojia. Mimi naiona kama habari ya mashine iliyotangulia huku watu wa kuitumia wakiwa bado hawajaandaliwa, na sioni kwamba kosa hilo ni la kwetu peke yetu. Peru iligawa kompyuta mpakato ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto wa shule za msingi, na tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Amerika iliyotolewa mwaka 2012 haikukuta ushahidi kwamba watoto hao walikuwa wameongeza ujuzi wa hisabati wala wa lugha kuliko wenzao wasiopewa, ingawa kulikuwa na dalili njema katika baadhi ya vipimo vya kufikiri. Watoto walikuwa na mashine mkononi, na walimu hawakuwa wameoneshwa vya kutosha namna ya kuiunganisha na somo la Jumatatu asubuhi.

Nitoe mfano ninaoutumia mwenyewe, kwa sababu jambo hili likizungumzwa kwa ujumla huwa halishikiki. Wanafunzi wangu wengi wanatoka kwenye kaya zenye mikorosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima huweka mazao ghalani, hupewa stakabadhi na mazao huuzwa kwa mnada, ulianza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, na kuanzia msimu wa 2024/2025 minada inaendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kwa hiyo mtoto wa Masasi, Newala au Tandahimba amekua akisikia habari za bei ya mnada, makato, mjengeko wa bei (mchanganuo wa bei na makato yake) na malipo ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, tangu hajaanza darasa la kwanza. Huyo mtoto anapofika kidato cha pili, tunamfundisha aljebra kwa maembe na machungwa ya kubuni, halafu tunashangaa kwa nini herufi x inamtisha.

Kwenye kompyuta nawaandalia jedwali tupu. Safu ya kwanza ni majina ya wakulima kumi tuliowatunga wenyewe. Ya pili ni kilo. Ya tatu ni malipo. Pembeni kuna visanduku viwili tu, kimoja cha bei ya mnada kwa kilo na kingine cha jumla ya makato kwa kilo. Sitaki mwanafunzi alete stakabadhi ya mzazi wake, maana malipo ya nyumba ya mtu si ya kutangazwa darasani. Kilo tunazibuni, na bei tunaichukua kwenye matangazo ya mnada. Tuseme bei ni shilingi 3,500 na makato ni shilingi 250. Mkulima mwenye kilo 640 atapata 640 mara 3,250, yaani shilingi 2,080,000. Mwanafunzi haruhusiwi kuiandika namba hiyo. Anatakiwa aandike kanuni: alama ya sawasawa, kisanduku cha kilo, alama ya kuzidisha, kisha ndani ya mabano kisanduku cha bei kutoa kisanduku cha makato. Anainakili kanuni hiyo chini kwa wakulima wote, halafu namwambia, mnada wa pili umefanyika, bei imeshuka. Anabadilisha namba moja pembeni, na malipo ya wakulima kumi yanabadilika yote kwa mara moja.

Hapo ndipo ninapomwona mwanafunzi akiinamia kioo. Ubaoni x ni kitu kilichofichwa ambacho kazi yako ni kukitafuta ili upate vema. Katika jedwali, x ni nafasi inayoweza kubeba namba yoyote, na kanuni ni uhusiano unaobaki palepale namba zinapobadilika. Hilo ndilo wazo lenyewe la kigeu, ambalo nimelifundisha kwa chaki kwa juhudi nyingi na matokeo machache. Kinachofuata hunifurahisha zaidi, kwa sababu wanafunzi huanza kuuliza maswali ambayo sikuyaandaa: makato yakipungua kwa shilingi 20, mkulima wa kilo 640 anaongezewa kiasi gani, na chama chenye tani 300 je? Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani wa majaribio wa aljebra anajibu swali hilo kabla ya aliyepata alama za juu, kwa kuwa anajua jambo linalozungumzwa.

Kuna sharti moja ninalolisimamia bila kulegeza. Kabla ya kugusa kibodi, kila mwanafunzi anakadiria jibu kwa kichwa na kuliandika kwenye daftari. Kompyuta hukubali chochote inachopewa: mtu akiandika 6,400 badala ya 640, itamletea shilingi 20,800,000 kwa uhakika uleule na kwa mwandiko uleule safi. Mwanafunzi aliyekadiria kwanza atashtuka. Asiyekadiria atanakili na kuondoka. Kwa maoni yangu, uwezo wa kulitilia shaka jibu la mashine ni sehemu ya elimu ya kompyuta yenye thamani kubwa kuliko kujua majina ya vifaa vyake vyote, na ni karani wa AMCOS, mhudumu wa afya na mhasibu wa halmashauri watakaouhitaji kila siku ya kazi yao.

Mwenzangu wa jiografia amefanya jambo linalofanana na hilo kwa mvua. Mikoa ya Lindi na Mtwara hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, wakati pwani ya kaskazini kama Tanga hupata vuli na masika. Kwa mkono, kuchora grafu ya miezi 12 ya sehemu mbili humaliza kipindi kizima, na kengele hulia kabla swali la maana halijaulizwa. Kwa kompyuta grafu zote mbili zinapatikana ndani ya dakika chache, na muda uliobaki unatumika kuuliza kwa nini kule kuna vilele viwili na huku kimoja, na jambo hilo lina maana gani kwa mkulima anayepanga siku ya kupanda mahindi. Simaanishi kwamba kuchora kwa mkono kuachwe, kwa sababu anayeanza ni lazima achore ili ajue mhimili ni nini. Namaanisha kwamba grafu ya ishirini haina la kumfundisha ambalo ile ya tatu haikumfundisha.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa ni uchache wa mashine, kwa hiyo niseme tunavyofanya. Kwa darasa la wanafunzi 48 na kompyuta 12, nusu ya darasa hukaa kwenye mashine, wawili wawili, na nusu nyingine hubaki mezani ikipanga kwa kalamu: safu zipi zinahitajika, kanuni iandikweje, jibu linakadiriwa kuwa kiasi gani. Katikati ya vipindi viwili mfululizo wanabadilishana, na waliopanga mezani hufanya kazi kwa kasi kubwa zaidi kwa sababu wanajua wanachokwenda kuandika. Katika kila jozi mmoja huandika na mwenzake huelekeza kwa mdomo bila kugusa chochote, kisha wanapokezana nikitoa ishara. Zamu hizo si mapambo. Nikiacha wajipange wenyewe, wavulana hushika kipanya na wasichana hushika kalamu, na kufikia kidato cha nne tunakuwa na wasichana waliokaa mbele ya kompyuta miaka minne bila kuiendesha. Mwalimu asipoliangalia hili kwa makusudi, hujipanga lenyewe vibaya.

Hata pasipo mashine kuna kazi inayoweza kufanyika. Chukua daftari la mahudhurio lenye majina 60 yaliyopangwa kwa alfabeti, umtake mwanafunzi alitafute jina moja kwa kuuliza kila mara kama liko kabla au baada ya jina analolinyooshea kidole. Akianza katikati, na kila mara akatupa nusu isiyo na jina hilo, atalipata kwa hatua zisizozidi 6. Majina yakiwa 1,000, hatua ni 10. Yakiwa milioni moja, ni 20 tu. Hiyo ndiyo mojawapo ya njia ambazo kompyuta hutumia kupata kumbukumbu moja kati ya nyingi, na inafundishika chini ya mwembe. Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, kimekuwa kikisambaza mazoezi ya namna hii tangu miaka ya 1990, na shule isiyo na umeme haina sababu ya kusubiri mashine ndipo iyafanye.

Gharama nazo ni lazima zisemwe kwa namba, maana kompyuta za msaada huletwa kwa sherehe na LUKU yake, yaani umeme wa kulipia kabla, haina mfadhili. Kompyuta 20 za mezani, kila moja ikitumia takriban wati 150 pamoja na kioo chake, zinahitaji kilowati 3. Zikiwashwa saa 4 kwa siku ni uniti 12, na kwa bei ya karibu shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 4,200 kwa siku, au shilingi 84,000 kwa mwezi wenye siku 20 za masomo. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari chini ya elimu bila ada imepangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, na sehemu yake huelekezwa kwenye vitabu kabla ya kufika shuleni. Mkuu wa shule yenye wanafunzi 400 akizipiga hesabu hizo pamoja na chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa madawati, unaelewa kwa nini chumba hubaki kimefungwa. Kwa hiyo anayetaka kuleta kompyuta kwetu, kompyuta mpakato zinazotumia umeme mdogo ni bora kuliko za mezani, na hufaa zaidi katika mikoa yetu ambako umeme hukatika bila taarifa, kwa kuwa betri huokoa kipindi. Wenzetu wa Mikindani na Kilwa wana hewa ya chumvi inayokula vyuma, na huku Masasi tuna vumbi; fungu la ufundi liwekwe tangu siku ya makabidhiano.

Intaneti nisingeifanya kuwa nguzo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini zilipata hitilafu iliyoyumbisha mtandao nchini kote. Shule inayotegemea kufungua kila kitu mtandaoni ingesimama. Zipo programu za bure, kama Kiwix na Kolibri, zinazohifadhi maktaba nzima ndani ya kompyuta moja, na wanafunzi wakasoma kupitia mtandao wa ndani wa shule bila kununua kifurushi hata kimoja. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vifunguliwe mtandao unapokuwepo, kazi nyingine iendelee usipokuwepo.

Lililo zito kuliko yote ni vyuo, na hapa ndipo ningeelekeza fedha ya kwanza. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara tuna vyuo vya ualimu Mtwara, Kitangali na Nachingwea. Mwanachuo hujifunza TEHAMA kama somo, akajua kuandika barua na kuandaa slaidi, halafu anakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha na kwenye andalio lake la somo hakuna mahali kompyuta inapotajwa isipokuwa kama chombo cha kuchapia andalio hilohilo. Ningependa, katika kila mazoezi ya kufundisha, mwanachuo afundishe walau mada moja ya somo lake kwa kutumia kompyuta, mbele ya mkufunzi wa somo hilo na si wa TEHAMA, na apewe alama kwa kile wanafunzi walichokielewa. Mkufunzi wa hisabati asiyeweza kusahihisha kipindi cha namna hiyo atalazimika kujifunza, na hilo lenyewe ni faida. Walimu walio kazini wameshazoea mifumo: tunaomba uhamisho kwenye ESS, tunajaza utendaji wetu kwenye PEPMIS, na vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Uwezo wa kubonyeza tunao. Ambacho hatujapewa ni muda wa kukaa pamoja, mada kwa mada, na kuandaa kazi.

Vyuo vya ufundi na vya afya vinaweza kufanya haya kwa wepesi kuliko sisi, kwa kuwa kompyuta imekwishaingia kwenye kazi zenyewe wanazozifundisha. Fundi wa magari wa leo huunganisha kifaa cha kupimia hitilafu kabla ya kushika spana. Mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba na ule wa Songo Songo huendeshwa kutoka kwenye vyumba vya udhibiti vyenye vioo vya kompyuta. Muuguzi huingiza kwenye mfumo taarifa za MTUHA, yaani takwimu za huduma za afya za kituo chake, na akikosea tarakimu moja, wilaya inaweza kuagiza dawa pungufu. Mwanachuo wa afya afundishwe kompyuta kupitia MTUHA, wa umeme kupitia vipimo vyake vya umeme, wa ushirika kupitia daftari la wanachama. Nikiona chuo cha ufundi kinawafundisha wanafunzi wa fani zote somo moja la utangulizi wa kompyuta, lenye mtihani mmoja wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi, nahuzunika kwa ajili ya nafasi inayopotea.

Mtihani ndio unaoamua. Mwalimu wa kidato cha nne hatatumia vipindi viwili kwa jambo ambalo Baraza la Mitihani halitaliuliza, na simlaumu, kwa sababu anapimwa kwa matokeo yale. Njia iliyo karibu ni alama za upimaji endelevu: kazi mradi moja kwa mwaka, ndani ya somo la kawaida, ambayo mwanafunzi anatakiwa kukusanya takwimu za mahali anapoishi, kuzipanga kwenye jedwali, kuzichorea grafu na kueleza kwa maneno yake zinasema nini. Shule isiyo na kompyuta ifanye kwa karatasi na ipate alama kamili, ili mtoto wa Nanyumbu asiadhibiwe kwa kukosa asichopewa.

Muhula ujao tutajaribu kazi ya namna hiyo kwa ushirikiano wa idara yetu ya hisabati na ile ya jiografia. Majedwali ya korosho na ya mvua tunayoyatumia, pamoja na maandalio ya vipindi vyake, nitampa mwalimu yeyote atakayeniandikia, naye akipenda ayabadilishe yaendane na darasa lake. Kwa walimu wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale nina ombi la pekee: sina mfano mzuri wa ufuta wala wa mbaazi, nanyi mnaijua minada yake kuliko mimi.